Tailizi safi, nyumba salama

Maelezo ya Afisa wa Afya ya Umma kwa wapangaji na wenye nyumba



Kuanzia Juni hadi Agosti, wakazi wa Nyeri, Othaya, Karatina na miji mingine ya Mlima Kenya wanajua hali ilivyo. Ukungu unashuka, madirisha yanafungwa mchana kutwa, nguo hazikauki na bafu nalo halikauki. Ndipo ile mistari ya simiti kati ya tailizi, ambayo mafundi huiita grauti, inapoanza kuwa nyeusi. Mpangaji anayehama anahofia dipoziti yake, naye mwenye nyumba anahofia kukosa mpangaji mwingine. Kwa haraka hiyo, watu huchanganya kila dawa iliyo nyumbani. Hapo ndipo hatari ilipo.

Grauti ina vitundu vidogo vinavyofyonza maji, mabaki ya sabuni na uchafu. Kuvu humea humo. Kuiondoa hakuhitaji dawa ya bei ghali.

Chukueni vijiko vitatu vya beking soda na kijiko kimoja cha maji, mkoroge hadi iwe nzito kama uji wa mtoto. Pakeni kwenye mistari, mwache kwa dakika 10 hadi 15, kisha msugue kwa mswaki wa zamani na msuuze kwa maji safi. Magadi ya kupikia githeri pia huondoa mafuta, ila yasagwe vizuri kwanza na mikono ivishwe glavu.

Wengi humwagia siki juu ya beking soda wakifurahia povu. Povu hilo ni hewa tu. Vitu hivyo viwili huuana nguvu, na kinachobaki karibu chote ni maji yenye chumvi. Isitoshe, siki ni asidi, na asidi hula simiti. Ikitumiwa mara kwa mara, grauti humomonyoka na maji hupenya chini ya tailizi. Isiguse kabisa marumaru wala terazo.

Kuvu ikikataa kutoka, tumieni Jik au dawa nyingine ya klorini: kikombe kimoja katika lita 4 za maji baridi, dirisha na mlango vikiwa wazi. Itumiwe peke yake.

Hili lisisahaulike: dawa ya klorini isichanganywe na siki, ndimu, wala dawa ya choo yenye asidi. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, inayochoma macho, koo na mapafu. Isichanganywe na dawa yenye amonia wala kumwagwa palipo na mkojo, kwani hapo pia hutoka gesi ya sumu. Bafu nyingi za nyumba za kupanga ni ndogo, choo kikiwa humo humo. Anayesafisha choo kwa asidi, kisha akamwaga Jik sakafuni, anaweza kukosa pumzi kabla hajafika mlangoni. Mwenye pumu na mtoto mchanga wako hatarini zaidi.

Mtu akivuta gesi hiyo, atoke nje mara moja apate hewa safi. Macho yaliyochomwa yaoshwe kwa maji safi kwa dakika 15. Akiendelea kukohoa au kifua kikimbana, apelekwe hospitali iliyo karibu au mpige 999 au 112. Aliyekunywa dawa asilazimishwe kutapika. Apelekwe hospitali pamoja na chupa ya dawa hiyo.

Dawa yoyote isiwekwe kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto hasomi, yeye huona chupa tu na kunywa.

Mwisho, kuvu haipendi pakavu. Baada ya kuoga, pangusa ukuta kwa kitambaa na ufungue dirisha hata kwa nusu saa. Wenye nyumba nao wahakikishe kila bafu lina dirisha linalofunguka. Baridi hiyo ya nusu saa ni nafuu kuliko kitanda cha hospitali.