Dawa za koko hazikupaswa kwenda mu Ruzizi
Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana, Bukavu



Nilipewa dakika kumi. Leo sitasema juu ya umeme wala juu ya barabara. Nitasema juu ya mufuko moja mudogo wa dawa, na nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Koko yangu alikuwa na ugonjwa wa sukari na tansiyo. Kwa miaka mingi mufuko wake wa dawa ulikuwa unaninginia ku musumari, nyuma ya mulango. Alipofariki, matanga yakaisha, mama mudogo akaushusha ule mufuko na kunipatia: "Weye ulisomaka biolojia. Hii madawa tuifanye nini?"

Mimi nilimaliza chuo, diplome iko mu kabati, kazi hakuna. Mu nyumba wananiita "mwenye kusoma". Sasa huyu mwenye kusoma alifanya nini? Mvua ilikuwa inanyesha. Nilishuka paka ku mufereji, nikamwaga mufuko wote, maji ikabeba. Nikarudi na roho safi.

Maji haikubeba yote. Siku mbili kisha, nikitoka kupeleka barua ya kuomba kazi, nilikuta watoto wa avenyu yetu wanacheza farmasi. Walikuwa wamepanga plakete juu ya jiwe. Moja ni munganga, mwingine ni mugonjwa, makuta ni majani. Yule "mugonjwa", mutoto wa miaka labda mitatu, alikuwa na kidonge mu mukono na anakipeleka ku mudomo. Nikageuza plakete, nikasoma: glibenclamide. Ni dawa ya kushusha sukari ya damu. Kwa koko ilikuwa uzima. Kwa mutoto mudogo, hata kidonge kimoja tu kinaweza kushusha sukari yake mpaka azimie, na anaweza kufa.

Nilimunyang'anya. Akalia. Mama yake akatoka, akaniuliza kwa nini ninaliza mutoto wa watu. Nilimueleza hatari ya ile dawa, akanishukuru sana. Sikumwambia dawa ilitoka wapi. Nilimwambia jana, kabla ya kuja kusema mbele yenu, juu haiwezekani kuomba wakubwa waseme ukweli na sisi wenyewe tunaficha.

Ile ni sehemu ya dawa iliyobaki ku mufereji. Ile iliyobebwa ilienda wapi? Sisi wa Bukavu tunajua njia ya maji. Muji wetu ni milima. Unachotupa juu kinashuka. Kinapita mu mifereji, kinaingia mu mto Kawa, kinafika mu ziwa Kivu. Hapa hapa Ruzizi inatoka mu ziwa, inashuka mu bonde, inaingia Tanganyika upande wa Uvira. Kule Tanganyika kuna Warundi, Watanzania na Wazambia wanaotumia maji ile ile. Na hapa kwetu, bomba zikikauka, tunabeba bidoni tunaenda kuchota ku ziwa. Basi ile tuliyosema "maji imebeba", inarudi mu bidoni.

Plastiki tunaiona. Inajaa mbele ya barrage ya Ruzizi 1 na kusumbua mashini za umeme, kila mutu anapiga foto. Dawa iliyoyeyuka haina foto. Ndiyo maana hakuna mutu anayeisemea.

Niwape mifano miwili. Munajua diclofenac, ile "diclo" tunayomeza mugongo ukiuma. Kule India na Pakistan, wafugaji walikuwa wanawapa ng'ombe hii dawa. Ng'ombe akifa, tumbusi wanakula nyama yake, figo zinaharibika, wanakufa. Aina moja ya tumbusi wa India ilipungua kwa zaidi ya asilimia 99 mu miaka karibu 15. Sababu ilijulikana 2004, na 2006 India ikakataza diclofenac ya mifugo. Ile ilipita mu nyama. Mfano wa pili ulipita mu maji. Kule Kanada, kuanzia 2001 paka 2003, wataalamu walitia mu ziwa moja dogo homoni ile inayokuwa mu vidonge vya kupanga uzazi. Kiasi kilikuwa nanogramu 5 au 6 tu mu lita moja. Samaki dume wakaanza kutengeneza protini ya mayai, na aina moja ya samaki wadogo ikakaribia kwisha kabisa mu lile ziwa. Sisi hapa samaki mudogo ndiye nyama ya maskini. Kila mutu anajua bei ya sambaza ikipanda mu soko nyumba inakuwa namna gani.

Tena kuna antibiotiki. Mikrobe ikikutana na dawa kidogo kidogo mu maji chafu, dhaifu zinakufa, zenye nguvu zinabaki na kuzaana. Kesho mutoto anaugua, munganga anampa dawa ile ile, haifanyi kitu.

Sasa niseme ukweli wote, musije mukasema niliwadanganya. Dawa nyingi mu maji inatoka mu miili yetu, kupitia mukojo na choo. Kwa hiyo tunahitaji pia vyoo na usafi wa maji chafu, na ile ni kazi ya miaka. Lakini dawa ya kutupa tunaweza kuisimamisha wiki hii. Haiombi bajeti. Inaomba tuache tabia.

Tuache nini? Usimwage dawa mu choo, mu mufereji wala mu ziwa. Usiichome mu mbabula: plakete nyingi ni plastiki na aluminiyumu, moshi wake ni sumu, na moto wa mbabula hauna joto la kumaliza dawa. Usimpe jirani juu "anaumwa sawa koko". Na usitupe paketi nzima nzima, juu kuna watu wanaookota, wanapangusa, wanarudisha ku meza ya kuuza. Dawa iliyopita tarehe inaweza kurudi mu nyumba yako, na utailipia.

Tufanye nini? Kwanza, tununue kiasi munganga alichoandika, na antibiotiki tuimalize hata kama homa imeshuka. Dawa isiyobaki haina tatizo la kutupa. Pili, kila miezi mitatu tufungue mufuko wa nyumbani, tusome tarehe, tutenge zilizopita. Tatu, tuzipeleke ku santre ya afya au farmasi ya kweli na kuuliza kama wanapokea. Dawa za kansa na sindano zirudi ku lopitali, hakuna kujifanya mujanja. Sindano ziwekwe mu chupa gumu lililofungwa.

Wakikataa kupokea, basi fanya hivi: toa vidonge mu plakete bila kuviponda, vitie mu chupa ya plastiki au kopo, changanya na majivu au muchanga na maji kidogo mpaka isitamanike na mutu wala mbuzi. Siropo pia, changanya vile vile. Funga sana, futa majina, weka mbali na watoto, kisha mupe yule anayekusanya takataka kwa malipo. Si mu bonde, hata usiku.

Lakini yule wa takataka anaimwaga wapi? Hapa ndipo nyumba inaishia na serikali inaanza. Mimi nilizunguka farmasi tatu na swali moja: "Mukirudishiwa dawa ya zamani, munaipeleka wapi?" Wa kwanza alicheka. Wa pili alisema, "Lete tu, nitaona," na macho yake yalinifanya nifunge mufuko. Wa tatu, dada mumoja, alinionyesha katoni nyuma ya duka: anaandika kila kitu mu daftari na kungoja mutu wa kuja kuchukua. Katoni imejaa. Mutu hajakuja.

Kwa hiyo tunaomba DPS na mairie vitu viwili, na si vya ajabu. Kila zoni ya afya iwe na kasha la kufungwa na kufuli, pale raia anarudisha dawa bila kulipa. Na kilichokusanywa kifungwe mu simenti. Shirika la Afya Duniani liliandika namna hiyo tangu 1999: unajaza pipa la chuma robo tatu, unamimina simenti, chokaa na maji, unaziba, unazika fasi iliyochaguliwa, mbali na maji. Haiombi furnesi ya milioni. Pipa, simenti, chokaa, na mutu mwenye daftari.

Article 53 ya Katiba yetu inasema kila mutu ana haki ya mazingira yenye afya, na ana wajibu wa kuyatetea. Haki na wajibu, mu article moja. Hatuwezi kudai ya kwanza na kumwaga ya pili mu Kawa.

Jumamosi ijayo, kisha salongo, tutagawana avenyu. Kila mumoja farmasi tatu, swali lile lile, kwa heshima, bila kelele, na jibu liandikwe. Majibu yote tutayaambatanisha na barua ya kwenda DPS, na tutaisoma mbele ya watu.

Nyumbani kwetu ule musumari ungali pale nyuma ya mulango. Sasa unaninginia mufuko wa mama mudogo, na yeye pia ameanza tansiyo. Siku moja ataniuliza tena, au nitauliza mutu mwingine juu ya wangu. Ninataka siku ile tuwe na jibu.