Wakala wa Ajira Akikupigia Simu

Msikilizaji wetu hapo stendi ya Babati, wakala kakupigia: kuna kazi ya uhasibu hotelini Arusha, "unataka shilingi ngapi?" Usikurupuke. Muulize kwanza mwajiri ametenga kiasi gani. Wakala ni mpole, sawa, lakini anayemlipa ni mwajiri.

Akisema laki nane, uliza: kabla ya makato? Maana NSSF ikikata asilimia 10, ikafuata kodi ya mapato, unabaki na 660,000. Unadaiwa na Bodi ya Mikopo? Toa 120,000 nyingine. Na pango la Arusha si la Babati.

Mkikubaliana, dai maandishi kutoka kwa mwajiri mwenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka ayatoe. Ukiombwa "hela ya fomu", kata simu.