Nyongo na Mgonjwa Mahututi

Mtu akienda soko la Kariakoo, hapa Dar es Salaam, atamwona mchinja kuku akitoa maini kwa hadhari kubwa. Penye ini umeshikamana mfuko mdogo wa kijani, nao ukipasuka, nyama huwa chungu. Sisi wanadamu tunao mfuko kama huo, upande wa kulia, chini ya mbavu. Leo twataka kueleza jinsi unavyoweza kumdhuru mtu aliye taabani kwa maradhi mengine.

Kazi ya mfuko huu ni kuweka akiba ya nyongo inayofanywa na ini. Tulapo chakula chenye mafuta, mfuko hujikamua, nyongo ikamiminika utumboni. Wengi wanaovimba mfuko huu huwa na vijiwe ndani yake. Lakini mgonjwa mahututi aweza kuvimba pasipo kijiwe hata kimoja.

Mfikirini mtu aliyeungua vibaya kwa moto, au aliyegongwa na gari akapoteza damu nyingi. Hulala siku nyingi bila ya kula kwa kinywa. Mfuko haujikamui, nyongo hutuama na kuwa nzito, kama maji ya mfereji ulioziba. Tena mwendo wa damu ukiwa dhaifu, ukuta wa mfuko haupati damu ya kutosha. Ndipo unapovimba, vijidudu huingia, hata waweza kuoza na kutoboka. Homa ya matumbo nayo huweza kuleta uvimbe huo.

Hatari yake ni kujificha. Mgonjwa pengine hawezi kusema, na homa ikipanda, watu hudhani ni maradhi yale yale ya kwanza. Basi sisi tunaouguza jamaa zetu tuwe macho. Tukiona homa mpya, kutapika, macho kuwa manjano, au mgonjwa kukunja uso aguswapo chini ya mbavu za kulia, tumwambie muuguzi saa ile ile. Wala tusimnyweshe uji kwa siri kwa kudhani twaiamsha nyongo. Aweza kupaliwa akafa. Mganga ndiye ajuaye saa ya kumlisha, kwa kinywa au kwa mpira.

Katika hospitali kubwa kama Muhimbili, iliyo Upanga, si mbali na Kariakoo, waganga huutazama mfuko huu kwa mashine ya mawimbi ya sauti, bila ya kupasua. Kisha hutoa dawa za kuua vijidudu, na huenda wakapitisha mrija mwembamba ubavuni kuukamua usaha, au wakauondoa mfuko wenyewe. Jambo hilo lisitutishe: ini huendelea kufanya nyongo, na mtu asiye na mfuko huishi vema. Linalotisha ni kuchelewa.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta.