Moshi wa Lori Kuukuu

Lori kuukuu linalopanda vilima vya Kitendaguro na shehena ya mchanga, moshi mweusi ukifuka nyuma, linataja ugonjwa wake waziwazi. Dizeli imezidi hewa: filta ya hewa imeziba, nozeli zinamwaga badala ya kunyunyiza, au pampu imefunguliwa kupita kiasi ili gari livute. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, mara nyingi ringi zimelika. Ukiwa mweupe na haukatiki hata injini ikipata moto, kagua gasketi ya silinda hedi.

Sheria tunazo hapa Tanzania: ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na kanuni za ubora wa hewa za 2007. Mwaka 2015 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilishusha kiwango cha salfa katika dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni. Hatua kubwa! Lakini dizeli safi ikipita kwenye nozeli zilizochoka bado hutoa masizi, na tangu 2012 taasisi ya saratani ya Shirika la Afya Duniani imeuweka moshi wa dizeli miongoni mwa visababishi vya saratani. Wanaouvuta kwanza ni utingo, na mwanafunzi atembeaye kando ya barabara.

Faini peke yake haizibui filta. Namuunga mkono fundi anayepeleka nozeli na pampu zikapimwe kwa mashine, asiyerekebisha kwa kusikiliza mlio tu. Askari naye ampe mwenye lori muda wa kutengeneza, kisha lipimwe tena kabla ya kurudi barabarani.