Kazi ya Kujifurahisha

Maneno yaliyosomwa mbele ya makatekista na walimu, siku ya pili ya Yubile ya Jimbo



Tumepewa kitambo kidogo tunene nanyi habari ya kazi na mapumziko. Wenzetu walionena jana walitaja mapadre wa kwanza, na makaburi yao, na miembe waliyoipanda. Hayo yamekwisha kunenwa vema, wala hatuna la kuongeza. Sisi tutanena habari za vitu vidogo: saa iliyosimama, njegere za bustanini, mpira wa baiskeli, na mashine ya kusaga.

Chanzo chake ni hiki. Jioni moja baada ya sala tuliketi barazani, tumeifungua saa ya ukutani ya shule, na magurudumu yake tumeyatandaza juu ya kitambaa. Akapita mzee mmoja wa kigango chetu, akasimama akitazama, kisha akasema, "Mwalimu, mafundisho ya ubatizo ya kesho umekwisha kuyatengeneza, hata wachezea vyuma kama mtoto?" Tukamjibu, "Naam, mzee wetu, yamekwisha." Akasema, "Haya," akaenda zake. Lakini ile "haya" haikuwa ya mtu aliyeridhika. (Naye yupo hapa leo, tumemwomba ruhusa ya kuyasimulia haya, akacheka.)

Tumeifikiri sana "haya" ile. Maana katika watu wetu, mtu mzima akionekana anafanya jambo lisilomletea chakula wala fedha, husemwa kuwa ni mvivu, au kwamba akili yake imepungua. Afugaye njiwa asiowala, akaushaye majani katikati ya kurasa za kitabu, achongaye filimbi jioni, hao wote huambiwa hawana kazi. Sisi hatusadiki hivyo. Twakiri mapema kwamba sisi tu katika wale wapendao kutazama upande wenye mwanga. Nyumbani mwetu tunazo saa tatu tulizozitengeneza kwa mikono yetu, na kila moja yataja wakati wake peke yake, hata mwenzetu wa nyumbani hupika kwa kulitazama jua. Walakini twatumaini kwamba ya nne itasema kweli.

Katika mji wa Brno, ulio leo katika nchi ya Cheki, alikuwako mtawa wa shirika la Mtakatifu Agustino, jina lake Gregor Mendel. Alikuwa padre, lakini kuwaangalia wagonjwa kulimtia huzuni hata akaugua yeye mwenyewe, basi akapewa kazi ya kufundisha shuleni. Mwaka wa 1850 akaujaribu mtihani wa ualimu, akashindwa. (Walimu wenzetu mliopata kurudi nyumbani na karatasi ya namna hiyo, mkumbukeni padre huyu.) Naye alipenda bustani. Tangu mwaka wa 1856 alipanda njegere penye kiwanja cha monasteri, mwaka kwa mwaka, yapata miaka minane. Alichukua unga wa ua la mmea mrefu akaupaka ua la mmea mfupi, kwa mkono wake, ua moja moja. Watoto wote wakawa warefu. Lakini alipowapanda watoto hao, katika wajukuu ule ufupi ukarudi, mmoja katika kila wanne. Ili kuyajua hayo na mengine ya namna hiyo alihesabu mimea karibu 28,000.

Abate wake, Cyril Napp, hakumwambia "haya" kama ile ya mzee wetu, alimwachia bustani. Mwaka wa 1865 Mendel alisoma habari zake mbele ya chama cha wenye elimu wa mji ule, na mwaka uliofuata zikapigwa chapa. Watu wachache mno walizijali. Akafa mwaka wa 1884, abate wa monasteri yake, watu wakamzika wakimsifu kwa wema wake na si kwa njegere. Mwaka wa 1900 wataalamu watatu, kila mmoja kwa njia yake, wakakuta ya kuwa jambo walilodhani wamelivumbua wao, mtawa wa Brno alikwisha kuliandika. Leo wachaguao mbegu za mahindi hufuata hesabu yake. Tukila ugali wa mbegu njema, twala pia jioni za mtu yule.

Habari ya pili yahusu chombo mlichokiegesha nje ya ukuta, ninyi mliokuja kwa baiskeli. Katekista mwenye vigango vinne haoni haja ya kuhubiriwa faida ya baiskeli. Lakini zamani magurudumu yake yalikuwa na mpira mgumu usio na pepo, na aliyeipanda aliteseka. Mskoti mmoja, Robert William Thomson, alipata hati ya kuvumbua mpira wenye pepo mwaka wa 1845. Watu hawakuujali, ukasahauliwa. Kisha palikuwa na mganga wa wanyama katika mji wa Belfast, John Boyd Dunlop, naye mtoto wake alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu iliyomtikisa juu ya mawe ya njia. Baba akaungaunga mpira na kitambaa, akautia pepo, akaufunga kwenye gurudumu, ili mwanawe aende bila kuumia. Mwaka wa 1888 akapata hati. Hakuwa fundi wa magari. Kazi yake ilikuwa ng'ombe na farasi. Aliyafanya hayo kwa ajili ya mtoto.

Tungependa kuishia hapo. Lakini mwenye matumaini akisimulia nusu ya habari huwadanganya wanaomsikiliza.

Mpira ule ulipendwa ulimwenguni kote, kwanza kwa baiskeli, kisha kwa motakaa, na viwanda vikataka utomvu kwa wingi. Na msitu wenye mitoria ya mpira ulikuwa jirani yetu, katika Kongo, nchi iliyotawaliwa na mfalme Leopold wa Pili kama shamba lake mwenyewe tangu 1885 hata 1908. Watu wa vijiji walilazimishwa kuingia mwituni kugema utomvu, kila kijiji kwa kiasi chake. Walioshindwa kukitimiza walipigwa, wake zao walifungwa, wengine waliuawa, wengine walikatwa mikono. Baba wa Belfast hakuyajua hayo alipokuwa akishona kitambaa chake. Nasi tujazapo pepo mpira wetu asubuhi ya Jumapili hatuyafikiri.

Neno moja twaliongeza, wala halifuti hayo. Mwaka wa 1904 mmisionari mmoja mwanamke, Alice Seeley Harris, alipiga picha huko Kongo: mtu ameketi barazani, anatazama mkono na mguu wa binti yake, vilivyokatwa, vimewekwa mbele yake. Picha ile na nyingine zilionyeshwa katika mikutano ya Uingereza na Marekani, na waliokuwa wakisema kwamba habari hizo ni uvumi hawakuweza kusema tena. Mashine ya picha nayo ni uvumbuzi, na wengi huitumia kwa kujifurahisha tu. Ilisaidia kuuondoa utawala ule. Haikumrudishia baba yule binti yake.

Sasa mashine ya kusaga, nayo ni habari ya kwetu.

Ilipoletwa kijijini tulifurahi kupita wote. Tuliombwa kusema maneno machache siku ile, tukasema mengi. Tulihesabu mbele ya watu saa ambazo mama zetu huzitumia kinuni, tukasema kwamba tangu leo saa hizo ni zao, wataweza kujifunza kusoma, kushona, kupumzika. Watu wakapiga vigelegele. Hesabu yenyewe ilikuwa sahihi, na hata sasa hatuitangui: wanawake wengi wamepumzika kweli, na darasa la kusoma la jioni lina watu.

Siku ya nne akaja mlangoni mjane mmoja. Huyu alikuwa akiwatwangia watu kwa ujira: wagonjwa, walimu wasio na wake, wazee. Alilipwa kibaba cha unga, na pumba kwa kuku wake. Akatusalimu kwa adabu, akaketi, akasema, "Mwalimu, nilikusikia siku ile. Ulisema saa hizi sasa ni zangu. Nizile?"

Hatukuwa na jibu. Tulimpa unga, naye akaupokea, lakini tuliona wazi kwamba hakuja kuomba unga. Usiku ule hatukuigusa saa yetu. Tulijiuliza: matumaini yetu yalimgharimu nani? Sisi hayakutugharimu kitu.

Asubuhi tulikwenda kwake. Tulimkuta kivulini anasuka ukili wa ukindu, mwekundu na mweusi, upana wa vidole vinne, safi sana. Tukamwuliza, "Mama, huu ni wa nani?" Akajibu, "Si wa mtu. Ndio mchezo wangu; nausuka usingizi ukinikataa." Ndani, juu ya boriti, palikuwa na mafungu ya ukili wa miaka mingi, haujashonwa, maana hakudhani kwamba kuna atakaye kuununua, na mchana wake wote ulikuwa wa kinu.

Msidhani kwamba twataka kuwaambia kwamba mambo yakaisha vizuri. Mkeka huchukua majuma mengi, na kibaba cha unga kilikuja kila siku. Mwaka wa kwanza alipata njaa mara mbili, nasi tulijua mara moja tu. Wazee wa kigango walikubali, baada ya maneno mengi, kwamba mwenye mashine atoe kibaba kimoja kila juma kwa wale waliokuwa wakitwanga kwa ujira; wako watatu. Mwenye mashine alinung'unika, na hata leo hunung'unika, lakini hutoa. Jambo hili lilipaswa kufikiriwa kabla ya vigelegele, na aliyepaswa kulifikiri ni yule aliyepewa kusema siku ile. Vigango vya milimani vinatazamia mashine zao mwaka huu. Twawaomba makatekista wa huko waulize kwanza ni nani atwangaye kwa ujira, na waandike majina.

Yule mama bado hutuuliza, kila tukutanapo njiani, kama saa ya shule imekwisha kupona. Twamjibu kwamba yaendelea vizuri. Mikeka minne iliyotandikwa hapa mbele ya meza ya Baba Askofu ni yake. Mwenyewe ameketi upande wa wanawake, karibu na mlango. Atakaye kujua bei amwulize yeye, asituulize sisi.