Tume ya haki isingoje wanasiasa wapatane



Inchi yetu iko na Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, CNDH. Sheria yake ilitoka Machi 2013, lakini wajumbe 9 wa kwanza waliingia kazini 2015. Muhula ni miaka 5, kwa hiyo uliisha 2020. Bunge likaweka wengine 2022.

Kati ya ile miaka 2, Mei 2021, Kivu ya Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, ile état de siège. Raia wakapelekwa mbele ya korti za kijeshi. Mama ambaye mtoto wake amekamatwa, alie kwa nani? Kwa tume yenye muhula umekwisha!

Mutu anayengoja wakubwa wamurudishe kwa kiti, atawakaripia namna gani? Njo maana tunadai: miezi 6 mbele muhula uishe, majina ya wanaoomba yabandikwe wazi, na Bunge lisifunge kikao bila kupiga kura.

Sheria bila watu wa kuisimamia ni karatasi tu.