Masta ya Breki: Kuibadilisha na Kuiboresha Nyumbani, Garissa



Ukitoka Garissa kwenda Dadaab au Modogashe, unaweza kwenda masafa marefu bila kugusa breki, kisha ngamia wakatokea kichakani na kusimama katikati ya barabara. Breki za huku hazichoshwi na foleni kama za Nairobi. Hukaa bila kazi, zikila vumbi na joto, halafu zinatakiwa kumaliza kazi yote kwa mkanyago mmoja. Ndiyo maana nimechagua kuzungumzia masta silinda. Hoja yangu ni kwamba masta bora ni ile iliyo nzima, yenye vyumba viwili, na ya kipenyo kinacholingana na gari lenyewe. Kuwa kubwa hakuifanyi kuwa bora.

Masta iliyochoka hujitambulisha. Washa injini, kanyaga pedali kwa nguvu ya wastani na uishikilie. Ikizama polepole hadi chini, na hakuna mafuta yanayovuja kwenye magurudumu wala kwenye paipu, raba za ndani zinapitisha. Kisha chungulia mahali masta inapoungana na busta. Ukiona rangi ya busta imebabuka na kuna mstari wa unyevu unaoteremka, raba ya nyuma imekwisha, na mafuta yanayopotea huenda yanaingia ndani ya busta.

Wengi wetu hapo hununua raba peke yake. Sipendi njia hiyo, na nitaeleza kwa nini. Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani. Maji hayo hufanya kutu mbele ya silinda, sehemu ambayo raba haifiki katika matumizi ya kila siku. Siku ya kutoa hewa, msaidizi anapopampu pedali hadi sakafuni, raba mpya inasukumwa juu ya kutu ile na kukatika papo hapo. Gari linaondoka likiwa na breki nzuri, na baada ya wiki pedali inazama tena. Ukipitisha ukucha ndani ya silinda na ukanasa popote, nunua masta nzima. Na unapotoa hewa kwenye gari la zamani, weka kipande cha ubao chini ya pedali ili isifike sakafuni.

Sasa nije kwenye kuboresha, ambako makosa ni mengi zaidi. Mwenye Land Cruiser ya mizigo analalamika kwamba breki hazishiki, anatafutiwa masta kubwa. Hesabu inasema hivi: ukitoa masta ya inchi 7/8 na kuweka ya inchi 1, eneo la pistoni linaongezeka kwa karibu asilimia 31. Pedali itakuwa fupi na ngumu, na dereva ataisifu kwa sababu anahisi kitu kigumu mguuni. Lakini ili apate shinikizo lile lile kwenye magurudumu, itambidi akanyage kwa nguvu zaidi kwa kiwango hicho hicho cha asilimia 31. Kwa maneno mengine, amelipa pesa ili gari lisimame kwa shida zaidi. Masta kubwa inafaa pale tu ulipobadilisha na kalipa zikawa kubwa, zinazohitaji mafuta mengi.

Mara nyingi kosa la gari lile liko nyuma. Land Cruiser nyingi zina vali juu ya ekseli ya nyuma inayopima uzito: gari likishuka kwa mzigo, vali inaruhusu breki za nyuma zifanye kazi zaidi. Sisi huku tunaongeza springi ili gari libebe zaidi. Gari likiinuka, vali inadhani halina kitu hata likiwa limejaa magunia, na inazinyima breki za nyuma shinikizo. Kabla ya kugusa masta, lala chini ya gari, tazama mkono wa vali ile na uurekebishe kulingana na kimo kipya.

Uboreshaji ninaouunga mkono kwa moyo wote ni wa Land Rover za zamani zenye masta ya chumba kimoja. Paipu moja ikipasuka, hakuna breki hata kwenye gurudumu moja. Marekani ililazimisha mfumo wa sehemu mbili kwenye magari madogo mapya tangu miaka ya 1960. Masta ya vyumba viwili, paipu za mbele zikitengwa na za nyuma, inakuachia nusu ya breki siku mambo yanapoharibika.

Kazi yenyewe inawezekana uani, chini ya kivuli. Fungua paipu kwa spana yake maalumu, kwani spana ya kawaida hula kona za nati. Masta mpya ifunge kwenye vaisi ikiwa imelala sawa, irudishie paipu fupi kwenye tangi lake, na usukume pistoni kwa bisibisi butu, kidogo kidogo, mpaka mapovu yakome. Ukiruka hatua hii, utatoa hewa magurudumuni hadi magharibi na pedali ibaki laini.

Kabla ya kufunga, pima fimbo ya busta. Kati ya fimbo na pistoni pawe na nafasi ndogo, chini ya milimita 1. Ikiwa ndefu, kitundu kinachorudisha mafuta kwenye tangi kinazibwa. Asubuhi hutaona kitu. Lakini breki zikishapata moto katika joto letu, mafuta yanatanuka, hayana pa kwenda, na magurudumu yanajikaba yenyewe. Likikushika hilo njiani, legeza kidogo nati zinazoshika masta kwenye busta: magurudumu yakiachia, tatizo ni fimbo.

Kuhusu mafuta, DOT 3 isiyo na maji huchemka kuanzia nyuzi 205, na ikishanyonya maji hushuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155, na inachanganyika na DOT 3, kwa hiyo ndiyo ninayopendekeza. Usinunue ya kupimiwa kutoka mkebe uliofunguliwa. Ukiyatilia shaka, dondoshea tone kwenye glasi ya maji. Mafuta halisi ya DOT 3 au DOT 4 yanachanganyika. Yakielea, ni oili ya aina nyingine na inaweza kuvimbisha raba za breki. Yale ya zamani yafunge kwenye chupa, mbali na watoto na mbuzi, kwa sababu ni sumu.

Jaribu gari mahali pa wazi kwa mwendo mdogo, kwanza tupu, kisha likiwa na mzigo wake wa kawaida. Kesho yake asubuhi funua boneti, pangusa kila nati ya paipu kwa kitambaa kikavu, na ndipo upakie abiria.